Picha ya Hina na Kioo cha Kabati

Kila alasiri, Hind akishatoka chuo cha Kurani na kuvua buibui lake, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchekecha unga wa hina. Aliketi ukumbini, akatandaza gazeti, akauchekecha unga kwa kipande cha mtandio wa zamani mpaka isibaki hata chembe moja ya mchanga ya kumkwaruza mtu ngozi. Kisha alikamua ndimu, akamwita mama yake aje kutia mafuta ya karafuu. Mafuta hayo yeye hakuruhusiwa kuyagusa. Alikuwa na miaka kumi na tatu na aliona huo ni uonevu mkubwa.

Mama yake, Bi Dalal, alikuwa fundi wa hina. Waliishi Kiponda, ndani kabisa ya Mji Mkongwe, na tangu baba yake Hind alipofariki, mkono wa Bi Dalal ndio uliokuwa ukiwalisha. Alichora maua na majani kwenye miguu ya mtu bila kuinua mkono, na mabibi harusi wa zamani wakimsifu mpaka leo. Tatizo ni kwamba mabibi harusi wa zamani hawaolewi tena. Wasichana wa mwaka ule wa 2008 walikwenda kwenye saluni mpya zenye picha ukutani, wakachagua maua wanayoyataka kwa kidole. Kuna mwezi mzima ulipita bila mtu kupanda ngazi za Bi Dalal.

Aliyetoa shauri alikuwa Dhara, rafiki yake Hind wa shuleni, ambaye wazazi wake waliuza vitambaa Hurumzi. "Mfungulie mama yako blogu," alisema. "Saluni zina ukuta mmoja tu. Mtandao ni ukuta unaoonekana dunia nzima."

Hind alikwenda nalo nyumbani lile shauri mbio mbio.

"Blogu ndiyo nini?" Bi Dalal aliuliza.

"Ni ukurasa wako kwenye mtandao, mama. Unaweka picha na maneno, na mtu popote alipo anakuona. Hata Maskati."

"Hata mwanamme?"

"Yeyote mwenye kompyuta."

Bi Dalal aliiweka chini koni yake ya hina. "Basi nisikilize vizuri. Piga picha mkono wangu, mkono wako, mkono wa Dhara ukitaka. Mwari wa watu usimpige. Mimi nnaingizwa vyumbani ambamo hata kaka zake mwari hawaingii. Watu wananiamini. Umenifahamu?"

"Nshafahamu, mama."

Na kweli alifahamu, tena sana. Kila mtoto wa mjini alijua kwamba msichana akikaribia kuolewa huitwa mwari na huwekwa ndani. Husingwa, yaani husuguliwa mwili kwa manukato ya kusagwa ya liwa na singo, mpaka ngozi ing'ae, hatoki, na wanaume hawamwoni mpaka siku yake ifike. Yuko chini ya ulinzi wa somo wake, mwanamke mtu mzima wa kumfunda na kumtunza. Hind hakuhitaji kufunzwa hayo. Alihitaji kuyakumbuka, na hapo ndipo alipoteleza.

Blogu ilifunguliwa kwenye kafe ya intaneti ya Moiz, kijana wa Kibohora mwenye duka la kompyuta sita Mkunazini. Hind aliweka picha za mkono wake, kisha za mkono wa Dhara. Alikuwa na kamera ndogo aliyoletewa na binamu yake kutoka Dubai. Lakini mkono wa mtoto wa shule ni mkono wa mtoto wa shule, una kucha zilizotafunwa na alama ya wino. Wiki mbili zilipita, na aliyeacha maoni kwenye blogu alikuwa mmoja tu, naye ni Dhara.

Ndipo Bahiya, msichana aliyekuwa karibu kuolewa, alipowekwa ndani. Mama yake, Bi Hija, alikuwa mtu wa desturi za kale, akasema saluni hazijui hina ni nini. Bi Dalal akaitwa. Somo wa Bahiya alikuwa Bi Mwanakhamis, aliyeletwa kutoka Chwaka kwa kuwa ndiye aliyemfunda Bi Hija mwenyewe zamani. Hind alikwenda kushika bakuli na kukata ndimu.

Siku ile Bi Dalal alichora kama hajawahi kuchora. Maua yalianza kwenye vidole vya miguu, yakapanda kwenye visigino, yakazunguka vifundo. Alipomaliza, adhana ya alasiri ililia, yeye na Bi Mwanakhamis wakatoka kwenda kuswali. Bahiya alibaki amekaa kitandani, kanga kifuani, nywele wazi, singo ya manjano imemkauka usoni, macho ameyafumba. Miguu ameinyoosha ili hina ikauke.

Hind alimtazama, akaitazama ile miguu. Kamera ilikuwa mkobani mwake. Miguu tu, alijiambia, miguu haina jina. Akachuchumaa ubavuni kwa kitanda, akaielekeza kamera kwenye vidole, akabonyeza. Bahiya hakufumbua macho.

Jumatano jioni aliiweka ile picha kwenye blogu. Kabla ya nusu saa kwisha, maoni yalikuwa yameanza kuingia. Mtu wa London aliandika, "Mashaallah, fundi huyu nani?" Mwingine wa Dubai aliuliza Bi Dalal husafiri au hasafiri. Hind aliona fahari mpaka masikio yakamwaka moto. Alijiona amemwokoa mama yake.

Kisha yakaingia maoni ya tatu, kutoka Maskati, bila jina. "Ibonyezeni picha ikue. Tazameni kwenye kioo."

Hind hakuelewa. Kwenye ukurasa picha ilikuwa ndogo, na hakuwahi kuiona kubwa. Aliibonyeza. Kompyuta za Moiz zilikuwa nzito, picha ikaanza kushuka taratibu, mstari baada ya mstari, kuanzia juu. Kwanza lilitokea pambo la kabati. Halafu kikatokea kioo cha kabati, lile lililokuwa limesimama mbele ya kitanda. Halafu ndani ya kioo zikatokea nywele, paji la uso la manjano, macho yaliyofumbwa, mdomo, shingo, mabega. Bahiya mzima mzima, bila mtandio, mbele ya dunia. Miguu ilikuja mwisho, na Hind hakuitazama hata kidogo.

Alijua pa kubonyeza ili kuifuta, lakini kabla hajafika hapo alisikia funguo nyuma yake.

"Haya Hind, magharibi hiyo, nafunga," Moiz alisema huku anakuja. "Una shida gani? Mbona umepauka hivyo?"

Angalisema neno moja tu, mambo yangalikwisha pale pale. Lakini Moiz alikuwa mwanamme, na uso wa Bahiya ulikuwa pale kwenye kioo. Zaidi ya hayo, Moiz alimjua mama yake. Hind aliufunga ukurasa haraka asije akauona.

"Sina kitu, kaka Moiz," alisema. "Kesho nitakuja."

Kesho haikumsaidia. Usiku ule umeme ulikatika, na asubuhi watu walipoamka waliambiwa si Kiponda wala Mkunazini peke yake. Kisiwa kizima cha Unguja kilikuwa gizani. Waya unaoleta umeme kutoka bara, ule unaopita chini ya bahari, ulikuwa umeharibika, na hakuna aliyejua utatengenezwa lini.

Hind alikimbilia Mkunazini kabla ya shule. Kafe ilikuwa imefungwa, kufuli kubwa mlangoni. Akarudi tena mchana, na kesho yake, na kesho kutwa. Kufuli lilikuwa pale pale. Ndani ya chumba kile, alidhani, ndimo ilimo ile picha, na hakuna njia ya kuitoa. Jambo lililomtisha kuliko yote ni hili: Unguja ndiyo iliyokuwa gizani, lakini Maskati taa zinawaka. Dubai zinawaka. Kila dakika aliyokuwa amesimama pale mlangoni, mtu asiyemjua angeweza kuwa anamtazama Bahiya.

Siku zilikuwa za taabu kwa watu wote. Mabomba yalikauka, watu wakapanga foleni za maji na ndoo zao, nyama ikaharibika, jioni nyumba zikawashwa chemli. Wengine walinung'unika na kucheka na kuzoea. Hind hakuzoea. Mtu akipiga hodi, alimwachia mama yake afungue. Simu ya mama yake ikilia, alikwenda kujificha chooni. Chakula alikirudisha jikoni.

"Una homa wewe," Bi Dalal alisema, akamwekea mkono shingoni. "Hata! Umepoa kama maji ya mtungi. Nini basi, mwanangu?"

"Joto tu, mama."

Ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa wepesi kuliko wa kwanza. Hilo nalo lilimtisha.

Ilipofika Jumatatu, jirani mmoja alipanda ngazi kuja kuomba mkaa, akaja na habari. "Bi Dalal, umesikia? Ati mwari wa Bi Hija ameonekana kwenye mtandao, kichwa wazi! Shangazi yake wa Maskati ndiye aliyepiga simu. Kaka yake mwari, Zahor, anakuja Alhamisi kwa harusi, na amekasirika hasemeki. Watu wa bwana harusi bado hawajajua. Wakijua, sijui."

"Astaghfirullah!" Bi Dalal alishika mdomo. "Nani kafanya ukatili huo?"

"Wanasema somo. Bi Mwanakhamis. Kwani funguo za chumba anazo nani kama si yeye? Ama kamwingiza mtu, ama kazembea. Bi Hija keshamwambia afungashe vyake, arudi kwao Chwaka."

Jirani alichukua mkaa wake akaenda. Bi Dalal alibaki anatikisa kichwa. "Maskini Bi Mwanakhamis," alisema. "Miaka yote hiyo ya kufunda watoto wa watu. Akirudi Chwaka na jina hilo, nani atamwita tena?"

Hind alikuwa amesimama na kitambaa cha kuchekechea mkononi. Alikumbuka jinsi Bi Mwanakhamis alivyompa kipande cha kashata siku ile, akamwambia, "Kula mwanangu, umechoka kushika bakuli." Alitaka kukimbia. Alitaka ardhi impasukie. Akakaa chini juu ya gazeti lenye hina.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nimempiga picha mimi. Nilipiga miguu tu, mama, wallahi miguu tu! Sikukiona kioo. Nyinyi mlikuwa mnaswali." Kilio kikamziba maneno.

Bi Dalal hakumpiga wala hakupaza sauti. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilikwambia."

"Naam, mama."

"Picha ipo mpaka sasa?"

"Ipo. Imefungiwa dukani kwa kaka Moiz. Hakuna umeme."

"Nawa uso. Vaa buibui lako."

Moiz walimkuta amekaa barazani kwake, anajipepea kwa kipande cha boksi. Hind alimwamkia, naye akaitikia. Bi Dalal alimweleza yote bila kuficha. Moiz alisikiliza, akaacha kujipepea.

"Dukani kwangu haimo," alisema. "Blogu haikai kwenye kompyuta yangu, Hind. Iko kwenye mtandao. Mtu yeyote mwenye neno lako la siri anaweza kuifuta, popote penye umeme. Ungeniambia ile Jumatano, ingekuwa kazi ya dakika moja."

Hind alimkodolea macho. Siku zote zile alizosimama mbele ya kufuli!

Moiz alitoa simu yake. "Nina dada yangu Dar es Salaam, anafanya kazi kwenye kompyuta. Ni mwanamke, kwa hiyo hakuna mwanamme atakayeiona. Lakini chaji inakaribia kwisha, basi sema upesi upesi." Alibonyeza namba, akazungumza Kigujarati haraka haraka, akampa Hind simu.

Hind alitaja neno lake la siri, herufi moja moja. Upande wa pili vidole vilisikika vikigonga. Simu ikatoa mlio wa kuonya kwamba inakufa. Hind aliikandamiza sikioni kwa mikono miwili.

"Nimeiona," ile sauti ilisema. "Nifute picha hii tu, au blogu yote?"

"Yote!" Hind alisema. "Futa yote!"

"Haya. Imeo—" Simu ilizima.

Imeondoka au imeonyesha kosa, hawakujua. Moiz aliingia ndani, akarudi na simu ya mkewe, akapiga tena. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Imeondoka. Ila mtu akiwa ameshaichukua na kuihifadhi kwake, hiyo hatuna uwezo nayo. Niwaambie kweli."

Hind alidhani wangerudi nyumbani. Mama yake akapinda kona ya kwenda kwa Bi Hija.

"Mama, ishafutwa," Hind alinong'ona.

"Picha ndiyo iliyofutwa. Jina la Bi Mwanakhamis je?"

Ukumbi wa Bi Hija ulikuwa umejaa wanawake, wengine wanachambua mchele wa harusi, wengine wanajipepea. Mlangoni palikuwa na mkoba wa ukindu umefungwa kamba, na pembeni yake Bi Mwanakhamis amekaa, anangoja gari. Macho yake yalikuwa mekundu. Hind alitoa shikamoo, na sauti yake haikusikika. Akatoa tena.

"Marahaba," Bi Hija aliitikia kwa baridi. "Bi Dalal, umekuja kwa hina? Hina ya mikono ni kesho kutwa, kama harusi ipo."

"Nimemleta mwanangu. Ana neno."

Macho yote yalimgeukia Hind. Alianza, akakwama, akaanza tena. Alisema alivyoahidi na alivyovunja ahadi, alisema habari ya kioo, ya kafe, ya kufuli. Alipofika kwa Bi Mwanakhamis alipiga magoti mbele ya ule mkoba.

"Bi Mwanakhamis hakumwingiza mtu. Alikwenda kuswali. Aliniacha mimi kwa kuwa aliniona mtoto mwenye adabu. Nisamehe, bibi."

Ukumbi ulilipuka. "Mtoto huyu!" "Kumbe!" Bi Hija alisimama. "Bi Dalal, nimekufungulia chumba cha mwanangu! Nimekataa watu wa saluni nikakuita wewe!"

"Ni kweli," Bi Dalal alisema. "Mwanangu ndiye aliyekosa, na mimi ndiye niliyemleta. Kama hutaki mkono wangu tena, una haki. Nitakutafutia fundi mwingine, na nitamwambia Zahor mwenyewe haya yote akifika."

Pazia la chumba cha ndani lilitikisika. Bahiya hakutoka, kwa kuwa hatoki, lakini sauti yake ilitoka.

"Hind."

"Naam, dada."

"Siku ile sikuwa nimelala. Nilisikia mlio wa kamera. Nikajiambia, Hind huyo, hawezi kunifanyia ubaya. Ndiyo maana sikufumbua macho."

Maneno hayo yalimchoma Hind kuliko kelele zote za ukumbini. Akalia.

Aliyesema baadaye alikuwa Bi Mwanakhamis. Alifungua kamba ya mkoba wake taratibu. "Bi Hija, mimi gari silingoji tena. Mwari wangu bado hajamaliza kufundwa. Na hina amalize yule yule aliyeianza, maana mguu wa fundi mmoja na mkono wa fundi mwingine ni kuchekesha watu. Mtoto atashika chemli. Zahor akija nitamwambia mimi, nami ndiye niliyemfuta kamasi, atanisikiliza."

Zahor alikuja, akasikiliza. Alinuna siku nzima, lakini alisikiliza. Watu wa bwana harusi waliambiwa ukweli kabla hawajasikia uvumi, wakasema kosa si la binti. Harusi ilifungwa bila umeme, kwa chemli na karabai, na usiku wa hina Hind alishika taa mpaka mkono ukamwuma, wala hakuthubutu kuubadilisha.

Umeme uliporudi, karibu mwezi mzima baadaye, Hind hakuukaribia mtaa wa Moiz. Bahiya ndiye aliyekuja Kiponda, mke wa mtu sasa, hina yake imeanza kufifia. Akaweka mkono juu ya meza, kiganja juu.

"Nichoreni ua moja, mpige picha, muweke kwenye blogu mpya," alisema. "Huu naruhusu. Shangazi kanambia kwa simu, huko Maskati wanaulizia fundi mpaka leo. Mkono tu!"

Bi Dalal alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku zile. Kisha akamgeukia Hind, akawa si wa kucheka tena. "Mwanangu, kutangaza kazi si vibaya. Kazi nzuri isiyojulikana hailishi mtu. Lakini cha mtu ni chake, hata uso wake, na hakitoki nje ila kwa ruhusa yake. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Picha ile ilikaa kwenye mtandao siku tano. Siku moja ilikuwa ya kamera. Zilizobaki zilikuwa za woga wako."

"Naam, mama," Hind alisema.

Alipiga ile picha, akenda nayo kwa Moiz pamoja na Bahiya. Kabla ya kuiweka aliibonyeza, ikakua, ikashuka mstari baada ya mstari. Alitazama pembe zote nne. Palikuwa na mkono, ua, na meza tupu. Hata hivyo akamgeukia Bahiya aliyekuwa amekaa nyuma yake.

"Dada, iangalie na wewe kwanza," alisema, akampisha kiti.